Mguu wa Ngazi

Bati la pembeni limelegea tangu mvua ya Jumanne
na maji yanashukia kitanda cha mama.
Ngazi tunayo, ya mita tano,
Fundi Kidiga aliisahau kwetu, hatujamkumbusha.
Ila ukuta wetu ndio mpaka.
Huku Mbale ardhi inagawanywa kwa upana wa blanketi;
ng'ambo ya ukuta ni kunde za Agufana,
na Agufana amesema mtu asitie unyayo
kabla hajamwambia unyayo wenyewe utatua wapi.

"Si uvuke tu usiku upime?" mama akauliza.

Nikahesabu matofali, toka msingi hadi bati,
kidole hewani, midomo ikinong'ona:
safu ishirini na nne, sentimita ishirini kila moja.
Ngazi, ingesimama wima, ingekuwa safu ishirini na tano.
Ishirini na nne juu ya ishirini na tano: hiyo sini.
Nilichonyimwa ni kosini,
iliyolala chini, kwenye kunde za watu.

Mwalimu Vugutsa husema hawa ni watoto wa nyumba moja:
mzidishe kila mmoja kwa nafsi yake, kisha wajumlishe,
hupati zaidi ya moja, hupati pungufu.
Akila huyu kingi, yule atalala na kilichosalia.

Nikaandika nyuma ya risiti ya unga.
Mia sita ishirini na tano, toa mia tano sabini na sita.
Arobaini na tisa.
Kipeuo chake saba,
au hasi saba.
Nikacheka peke yangu: hasi
ingeuvusha mguu wa ngazi huku ndani,
iusimamishe juu ya godoro lililoloa.
Hesabu haijui mpaka.
Anayeuliza ndiye ajuaye amesimama upande gani.

Saba, basi. Saba mara ishirini.
"Mita moja na sentimita arobaini toka ukutani," nikamwambia Agufana.
"Hapo tu."
Akaitazama risiti, akaigeuza, akasoma bei ya unga, akaguna.
Akaleta utepe wake, akavuta, akachomeka kijiti.
Akang'oa mashina matatu ya kunde pale penye kijiti,
akayakung'uta udongo, akampa mama.

Ngazi ilitua kidole kimoja nje ya kijiti,
maana matofali ya kwetu si ishirini ya kweli.
Agufana alikiona kidole hicho.
Akashika ngazi, nikapanda.