Chaza Wakiwepo

Nyemo alirudi na kikaango cha chuma,
alikipakata ndani ya ndege kama mtoto wa watu,
akakitua Barabara ya Saba, kati ya muuza zege
na kijana wa mishikaki apepeaye makaa
kwa jalada la daftari la Hisabati.
Ubaoni ameandika kwa chaki: MAYAI YA TAINAN.
Chini yake, herufi za kuinamia: *chaza wakiwepo*.

Chaza huja Jumanne kwa basi la Dar,
kwenye ndoo ya rangi iliyojaa barafu,
na konda huwatoza nauli kamili
maana, anasema, wananuka kama abiria.
Jumatano wamekwisha.
Leo ni Ijumaa.

Nimeagiza hivyo hivyo.
Anamimina wanga wa viazi vitamu,
uji mweupe unaogeuka kioo ukingoni,
mayai mawili, mchicha, mchuzi mwekundu
ulioanza na sukari ukamalizia na ugomvi.
"Kule nilikuwa naosha sahani, miaka minne.
Mama Lin hakunifundisha kitu.
Aliniacha tu nisimame karibu."

Kijiko cha kwanza kinateleza.
Cha pili sijakitafuna, kimejipeleka chenyewe.
Nacheka mpaka naweka sahani chini.
Hiki nimekila kabla sijaota meno!
Nyemo, umepanda ndege mbili
kutuletea mlenda?

Hakasiriki. Anageuza yai.
"Unadhani kwa nini sikutoroka mwaka wa kwanza?"

Mchana mvua ya kwanza ilipiga,
dakika ishirini, ikanuna, ikaondoka,
na Dodoma nzima ikanukia chungu kipya.
Sasa taa inaanza kuvuma:
kumbikumbi, watatu, halafu ukoo mzima,
wanavua mbawa juu ya chumvi,
juu ya kola ya shati langu la ofisini.
Muuza zege anafunika mafuta, anatukana kidogo.
Kijana wa mishikaki anapiga hewa kwa Hisabati.
Nyemo peke yake
anaivuta taa karibu na kikaango.

Wanadondoka kwenye wanga,
*tss*, *tss*,
kama mama anayenyamazisha mtoto kanisani.
Bodaboda mmoja anasimama, kofia bado kichwani.
"Dada, na hao bei gani?"
"Hao hawakulipa nauli," anasema Nyemo,
anamkatia pande.

Kisha anapiga picha, anaituma.
Kule ni saa nane za usiku,
Mama Lin atakuwa anasugua kikaango chake.
Jibu linarudi upesi: alama tatu za kuuliza.
Halafu sentensi, ambayo Nyemo anaisoma kimya,
kisha kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu:
"Anauliza wana ladha gani."

Ananielekezea simu mdomoni.
"Haya, msomi. Mwambie."

Natafuta neno.
Kwenye ulimi, mahali neno lingekaa,
kuna bawa.