Tanbihi ya Ukurasa wa Tisa

Jumatano, saa nane mchana, ghorofa ya tatu, Tudor.
Tu wanane kuizunguka meza iliyotiwa kadibodi mguuni isiyumbe,
na wa tisa ni Hinzano, miezi minane,
kaja kwa kuwa yaya wake kapigiwa simu ya msiba Kaloleni
na Dakta Mwakio kamwambia Mbeyu: mlete,
si ndiye tunayemjadili?

Makala ya wiki hii yanasema hivi:
mtoto huketishwa mbele ya kijukwaa,
mpira ukawekwa, pazia likashushwa,
likipandishwa, mpira haupo.
Mtoto hukodoa. Mtu aliyejificha hubonyeza saa.
Akitazama sana, ameshangaa;
akishangaa, alitarajia;
akitarajia, basi anajua.

"Mbona ngazi ndefu hivyo," Bakathir akasema,
"kwa miguu mifupi?"

Tukacheka. Dakta akachora ngazi ubaoni, akakaa.
Ndiyo desturi yake: hafundishi, husubiri
mpaka kimya kimuwashe mtu.

Kikamuwasha Wakesho.
"Jana Makadara nimeona duka limepakwa rangi ya waridi,
nikasimama nikakodoa hadi tuktuk ikanipigia honi.
Nilikuwa najua nini? Sikujua kitu. Ni upya tu."
Zuleikha akamrukia: "Na asiye na ulimi
atajitetea kwa nini ila kwa jicho?"
Mbeyu, mwanawe ananyonya chini ya leso,
hakuinua hata kichwa:
"Nyinyi pimeni macho. Huyu mimi hunijua kwa kwapa."

Mimi nilikuwa nimekwama ukurasa wa tisa,
kwenye tanbihi, herufi ndogo kama chawa:
*Watoto kumi na mmoja hawakuhesabiwa. Walilia.*

Nikauliza, hao kumi na mmoja,
wao walikuwa wanajua nini?

Hapo stima ikapotea.

Pangaboi likajikokota, mzunguko, nusu mzunguko,
likafa.
Hinzano akaachia ziwa, akajitoa lesoni,
akaliangalia dari.
Sote tukanyamaza. Chini barabarani mtu akiuza mabuyu.
Bakathir keshabonyeza simu yake.
Sekunde kumi na nne, kisha mtoto akapiga chafya.

"Ameshangaa!" "Ni joto!" "Ni kile kimya,
hata mimi nimetazama juu!"
Dakta Mwakio anachekelea peke yake,
jasho limemchora ramani mgongoni.

Mama yangu aliondoka kwenda Jidda nina miezi tisa.
Nyanya husimulia kwa fahari:
"Hukulia we. Ulikaa kitako juu ya mkeka, mato mlangoni,
hata ikaadhiniwa alasiri. Mtoto mpole!"
Nimekua na upole huo kama cheti cha shule,
nimeukunja, nimeufungua, nimeuonyesha watu.
Adhuhuri hadi alasiri.
Hapakuwa na mtu na saa nyuma ya pazia.

"Ulikuwa unataka kuongeza?" Dakta akaniuliza.
Nikasema: "Naona sampuli ni ndogo."
Akaandika ubaoni, *sampuli*, akapiga mstari chini yake.

Stima ilirudi tukikusanya vitabu.
Hinzano hakuangalia dari tena. Alikuwa amelala,
anatabasamu na wale ambao Nyanya huwaita malaika
na ukurasa wa kumi na nne unawaita misuli ya shavu.
Kazi ya Jumatano ijayo: kurasa mbili,
kutetea au kupinga, usiseme "labda" zaidi ya mara tatu.

Penye ngazi, Mbeyu akanipa mtoto ajifunge leso vizuri,
naye akaamka mikononi mwangu.
Nikachukua pindo la buibui, nikajiziba uso.
Nikajizibua.
Akacheka, meno mawili.
Tena. Tena. Mbeyu keshamaliza kujifunga,
kasimama kanishika bega, wenzetu wameshafika geti,
tena.
Wa kwanza kuchoka alikuwa yeye.