Arobaini na Moja

Nyuma ya kituo cha petroli, Mirbat,
ashkhar umejiotea kama mgeni asiyengoja karibu:
majani mapana ya kijivu, maua meupe
yaliyochovya ncha zake kwenye zambarau.
Bibi yangu, aliyekuja huku na Kiswahili chake cha Wete,
aliuita mpamba-mwitu. Alinionya:
maziwa yake yasikuingie jicho.
Mbuzi wanajua. Huunusa, hupita,
huenda zao kutafuna katoni.
Kwenye fomu, safu ya Hali, niliandika: hauna wasiwasi.
Idadi: mingi.
Hata garini sikushuka.

Wa pili tuliufuata saa tatu kwa miguu,
mimi na Bakhit bin Musallam,
matope ya kharifu yakitung'ang'ania visigino.
Shubiri ya maua meupe
haikai ila usoni mwa jabali,
inaning'inia kichwa chini mithili ya popo.
Si maringo, alisema Bakhit.
Zilizoota pa kufikika zimeshafikiwa.

Tulihesabu kwa darubini.
Yeye thelathini na tisa, mimi arobaini na tatu.
Tukarudia. Kivuli kikavuka bonde.
Mwisho tukapatana kama wauza mbuzi:
arobaini na moja.
Hali: hatarini mno.

Fomu ina nafasi ya jina la Kilatini
na nafasi ya jina la Kiarabu.
Bakhit analo la tatu, la mamake, la Kijibali.
Alilitamka mara mbili,
pumzi ikimtoka ubavuni mwa ulimi;
mimi hata kulikosea sikuweza.
Nikamuuliza, nyumbani kwenu nani bado hulisema?
Akaanza kukunja vidole.
Mkono haukufika ngumi.

Tuliporudi, tingatinga lilikuwa limekwisha pita
nyuma ya kituo. Panajengwa kipilefti.
Ashkhar umelala ubavu,
maziwa yakidondoka juu ya changarawe.
Nikausoma mwandiko wangu: hauna wasiwasi.
Ni kweli. Njiani kote hadi Salala imejaa,
na hakuna atakayetoa mmoja katika "mingi".

Bakhit aliinama kufunga kiatu,
nikaiona kilembani mwake:
mbegu moja, na hariri yake,
imepanda jabali na kushuka nasi
bila kuhesabiwa.
Akaishika kwa kucha mbili,
akatazama upepo unakoelekea,
kisha akaitia mfukoni mwa kanzu,
pamoja na kalamu.