Chuya

Groningen, Februari. Baiskeli zinalowa nje ya dirisha,
nami nimekaa na kichwa cha mtu kwenye skrini:
mistari sitini na minne, kama nyuzi za mfumaji
aliyeinuka kwenda kunywa kahawa.

Kazi yangu ni hii, kuondoa kinywa.
Mtu akitaja jina la picha, taya hunguruma
kabla hata sauti haijatoka;
midomo, shavu, koo, kila msuli unamwaga umeme wake,
na ubongo, mwenye shamba, hausikiki shambani mwake.
Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Hawakuwa na elektrodi. Ulimi una chaji,
ncha yake hasi, shina lake chanya;
ukijikunja tu kutafuta herufi moja
paji la uso linachora mlima ambao haupo.

Basi napepeta.
Kompyuta inaugawa mchanganyiko mafungu mafungu,
nami nayapitia moja moja:
hili ni kope. Hili ni moyo, halina haraka.
Hili ni taya la kushoto. Futa.
Hili silijui; liache kwanza.
Natupa chuya, nabakiza mchele,
na ungo wangu hautoi vumbi.

Sjerp Hoekema, miaka sabini na mmoja,
dalali wa mnada wa ng'ombe huko Leeuwarden,
mdomo uliouza ng'ombe mia tatu kabla ya chakula cha mchana
bila kumeza mate.
Kiharusi kilimkuta anafunga kamba za viatu.
Sasa ana maneno kumi na moja,
na mawili kati yake ni matusi.

Nilimvisha kofia, nikamjaza jeli nyweleni,
nikamwonyesha picha. Ufunguo: akasema "kisu."
Kikombe: akasema "ndiyo."
Picha ya arobaini na tatu ilikuwa ng'ombe,
mweusi na mweupe, kachorwa ovyo, hana hata kiwele.
Sekunde nne. Sita.
Mishipa ikamsimama shingoni, meno yakasagana,
mistari yote ikaruka kama mtu kaipiga meza teke.
Kisha akainama, akatoa lile tusi la pili.

Usiku nililisafisha jaribio hilo.
Nikaondoa taya. Nikaondoa shingo. Nikaondoa tusi.
Chini kabisa, milisekunde mia nne tangu picha itokee,
palikuwa na kilima kidogo, mikrovolti tatu.
Jaribio moja halithibitishi kitu, najua,
na msimamizi wangu angenicheka.
Lakini nilikiona. Ng'ombe alimjua.

Kesho yake mkewe, Jikke, alifuata skafu iliyosahauliwa.
Nikamwonyesha ule mstari msafi, kwa majivuno kidogo.
Akautazama kama mtu aliyekabidhiwa pasipoti isiyo yake.
"Huyu ni nani?"
Nikafungua faili ghafi.
Akacheka, akaweka kidole penye vurugu:
"Huyu ndiye. Hapa ndipo anaponga'ng'ana.
Ndivyo anavyofanya mezani, akitaka chumvi."

Pembeni nilikuwa nimeandika: kelele, imeondolewa.

Faili ghafi sijaifuta. Inakula nafasi.

Naye Sjerp alikuwa akingoja ukumbini,
jeli imemkaukia nyuma ya sikio tangu jana.
Akaninyoshea mkono; nikadhani anaaga.
Akanipiga kiganja kwa kiganja, paa,
kama wafanyavyo sokoni kwao wakivutana bei,
mara moja, mara ya pili,
macho yakiuliza kama nanunua.

Sikujua tunauziana nini.
Nikampiga cha tatu.