Spika Mbili, Pauni Nane

Kwetu spika ni mtu wa joho,
anagonga nyundo, wabunge wanakaa.
Hapa Swansea, katika duka la hisani karibu na stesheni,
spika ni masanduku mawili ya mbao
yaliyogeuzwa stuli ya chungu cha maua,
na Bi Glenys wa kaunta ananiambia mapema,
"Hayasemi, mpenzi. Tumejaribu."
Pauni nane. Nampa kumi,
ananihesabia mbili kiganjani kana kwamba ni sadaka.

Debe tupu haliachi kuvuma, tulifundishwa.
Haya yaliacha.

Sina gari. Nina kigari cha Tunu,
ambaye ana miaka sita na hataki tena kukipanda.
Nikayalaza humo, moja juu ya jingine,
nikayafunika koti langu la mvua, nikakaza mkanda.
Mlima wa Townhill hauna huruma,
kila hatua kumi nasimama,
gurudumu la mbele linalalamika kwa niaba yangu.
Mama mmoja mwenye mwavuli akainama kumtazama mtoto.
Akakaa kimya kidogo.
"Ametulia kweli," akasema.
"Tangu nimpate," nikamjibu.

Jikoni, skrubu nane, zote kutu.
Kitambaa cha mbele kilinuka sigara
za watu walioacha kuvuta, au walioacha kila kitu.
Na ule ukingo wa sponji, unaoiacha koni icheze,
nilipougusa tu ukamwagika
kama kashata iliyosahauliwa mfukoni.
Koni yenyewe nzima. Sumaku nzima kupita kiasi:
ilininyakua bisibisi mkononi
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.

Mchana nawaogesha wazee wa watu.
Usiku nilimwogesha huyu,
pamba na spiriti, gundi kuukuu nikiikwangua taratibu
kama ukoko kwenye sufuria ya kuazima.
Ukingo mpya ulikuja kwa posta, bahasha nyembamba
niliyodhani ni bili.
Gundi, vidole kumi, pumzi nimeibana.
Kapasita zilizokauka nikazing'oa, nikalehemu mpya,
moshi ukaniingia jichoni,
Tunu akasimama mlangoni na nguo za kulalia:
"Mama, unalia?"
"Nachomelea."
"Ni kitu kimoja?"
Nikamwambia akalale.

Sanduku la pili ndilo lililokuwa na siri.
Nyuma ya sufu ya kijivu, kwenye mbao isiyopakwa rangi,
mtu wa kiwandani aliandika kwa penseli,
mwandiko wa haraka, wa karibu na kengele ya kutoka:
*Eirlys. Ijumaa. Mvua tena.*

Nilikaa nayo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.
Kisha nikachukua penseli ya nyusi,
ndiyo iliyokuwa karibu,
nikaandika chini yake:
*Mwanahawa. Jumanne. Bado.*
Nikarudisha sufu. Nikafunga skrubu.

Betri ya tochi, nyaya mbili: pu.
Koni ikaruka
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.

Sikuwa na santuri. Niliunganisha redio ndogo ya bafuni,
moja nikaiweka juu ya friji, nyingine kwenye ubao wa pasi,
na mwanamume akaanza kusoma hali ya hewa.
Ile ya kushoto ina mkwaruzo kidogo
kila anapofika kwenye "s". Nimeiacha.
Lakini sauti haikutoka kushoto, wala kulia.
Ilisimama katikati, usawa wa kifua cha mtu,
pale ukutani penye kalenda tu,
ikatangaza mvua kutoka magharibi, mvua hadi Jumapili.

Tunu akashuka ngazi bila viatu.
Akapita kati ya friji na pasi,
akanyoosha mkono, akapapasa kalenda,
akainua ukurasa wa mwezi huu
kuona nani yuko nyuma yake.