Yatokanayo

Wenzangu wana vibao vya shaba vyenye majina.
Mimi nimekunjiwa karatasi, wino mzito: MWANAFUNZI.
Huanguka kila mlango unapofunguliwa,
na mlango haukai, maana Bwana Pihlaja, mweka hazina,
aliacha sigara mwaka jana
na kila nusu saa hutoka nje kuziacha tena.

Tuko chini ya kanisa, Thunder Bay, mwezi wa pili.
Dirisha ni ufa mwembamba usawa wa barabara:
viatu, theluji, viatu.

Nilidhani nimeitwa kwa ajili ya mawazo yangu.
Kumbe kwenye fomu ya ruzuku, ukurasa wa sita,
kuna kisanduku: *Je, vijana wanashirikishwa?*
Mimi ndiye ile alama ya vema.

Basi nikajifunza lugha yao.
Akidi imetimia. Nani anaunga mkono?
*Tuliweke kando kwanza*, yaani tulizike.
Nikajifunza kusoma bajeti
kama bibi yangu anavyochagua samaki:
tazama jicho, kisha funua shavu.

Ajenda namba tano: gari la usiku.
Ni basi dogo lililokuwa la shule, kiti cha nyuma kimeng'oka.
Rosalind Wabano huliendesha kuanzia saa nne
mpaka saa kumi na moja alfajiri, akiokota watu
vituoni, nyuma ya duka la matairi,
akiwaleta penye joto.
Mafuta yamepanda. Gia imechoka.
Hoja: kutoka siku saba kwa wiki hadi tano.
"Hatufungi," alisema Bi Lempi, mwenyekiti,
kwa huruma, na nisimsingizie, ilikuwa huruma ya kweli.
"Tunalipumzisha tu."

Nikanyoosha mkono.
"Ni siku zipi mbili ambazo baridi nayo itapumzika?"

Friji ya kanisa ikanguruma, ikanyamaza.
Wakili Prokopchuk akaichunguza kalamu yake.
Mtu akasema, swali zuri sana,
kwa sauti ya kumpongeza mtoto aliyemaliza mboga.
Kura: sita kwa mbili.
Kanuni ya kumi na moja: mwanafunzi ana kiti, ana sauti.
Kura hana.

Jumatatu ya kwanza bila gari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
nilikwenda nyuma ya duka la matairi na chupa ya kahawa.
Sijui nilitaka kuthibitisha nini.
Mzee mmoja alinitazama, akatazama barabara nyuma yangu.
"Wewe ndiye basi?"
Nikasema hapana.
Nikammiminia kahawa, nikaita teksi,
dola kumi na nne, nauli yangu ya wiki.
Sikuwa na ya Jumanne.

Mwezi wa tatu muhtasari ukaja, umepigwa chapa safi:
*5.3 Mwanafunzi aliuliza kuhusu ratiba.*
Ratiba!
Nililisoma neno hilo maktabani mpaka likapoteza herufi.

"Yatokanayo," akasema Bi Lempi. "Kuna masahihisho?"
Wanasema hivyo kila kikao, kama mtu anayepiga chafya,
na hakuna anayejibu.
"Lipo," nikasema. "Namba tano nukta tatu.
Liandikwe swali lenyewe."

Bi Verna, katibu, akafungua daftari.
Si mtu mbaya; mkono wake una baridi yabisi.
"Basi nirudilie. Polepole, mwanangu, niandike."

Nikalirudia. Neno kwa neno.
*Ni siku zipi.* Akaandika. *Mbili.* Akaandika.
Akanisimamisha, akanoa penseli,
na wote nane wakangoja humo ndani ya swali
kama watu waliokwama katika lifti.
"*Ambazo* nini?"
"Baridi," nikasema.
"Baridi."

Bwana Pihlaja akainuka kwenda kuacha sigara.
Karatasi yangu ikaanguka, sikuiokota.
Safari hii hakuurudisha mlango.
Hakuna aliyesema kitu.
Bi Lempi akavuta koti lake mabegani.