Pachua Kabla ya Kuchomoa

Kompyuta niliinunua Makoroboi, Mwanza,
kwa kijana anayeuza chaja na redio mbovu;
kifuniko kina ufa, herufi ya N imefutika.
Mfumo wake wa zamani ulijaa virusi, nikaufuta,
nikaweka huu, mkimya,
usiosema mpaka usemeshwe.

Ofisi yetu Nansio ni chumba kimoja:
mizani mlangoni, magunia ya dagaa yamegusa dari,
na daftari la Bi Nyanjura, lililonyeshewa Machi,
madeni ya watu yakavuja wino, mengine yakasamehewa na mvua.
Nilitaka nakala. Basi.

Mganga wa zahanati ng'ambo ya barabara
alitugawia mtandao wake; nywila kaiandika
juu ya bahasha ya dawa, mstari wa "kutwa mara".
Mawimbi yanapita juu ya bati letu usiku na mchana,
mashine haiyasikii.
Nikakiuliza kiini chake kimeona nini tangu kiamke,
kikamwaga mistari mia sita, kama shahidi mwenye woga,
na katikati, mmoja ulioinamisha kichwa:
kadi ya mawimbi ipo; faili la kuiamsha, sina.

Faili liko wapi? Mtandaoni.
Ufunguo uko ndani, mlango umejifunga, nami niko nje
nikijicheka mbele ya dagaa.

Nyasatu, mdogo wangu, yuko chuoni Nyegezi.
Nilimpigia kwa simu ya tochi, nikamsomea jina la faili
herufi kwa herufi, nukta, kistari, nukta.
Akasema, "Kama unataja namba ya gari lililokugonga."
Akalipakua, akalitia kwenye flashi,
flashi kwenye soksi ya mtoto, soksi kwa karani wa meli.
Kilobaiti mia nne zikavuka ziwa kwa saa tatu na nusu
pamoja na kreti za soda na godoro la bwana harusi.
Sijawahi kuona mtandao wa polepole hivyo,
wala usiokatika hivyo.

Nikachomeka. Taa ikapepesa, kisha kimya.
Hakuna kilichotokea, maana mfumo huu haudhani.
Mgeni ametambuliwa, amepewa jina, sdb1,
amesimama kizingitini na mzigo wake
hadi mwenye nyumba aseme: keti hapa.
Nikatengeneza folda tupu, nikampachika kwa amri ya mzizi.
Ukimpachika juu ya folda yenye vitu, vitu havipotei,
vinafunikwa tu, mpaka aondoke.
Nilisoma hilo mara mbili.
Nilimfikiria baba, na mke aliyemleta baada ya mama.

Ndani mlikuwa na mafaili mawili.
La kadi. Na jingine, maandishi matupu, mstari mmoja:
"Kaka, pachua kabla ya kuchomoa. Sura ya tatu sijaisahau."
Tasnifu yake. Mwaka juzi niliivuta flashi hii hii
huku maandishi yakiwa bado njiani,
mashine ikisema imeandika, nayo haijaandika,
kama ahadi ya mnunuzi wa dagaa.
Miezi miwili hakunipigia.

Nikanakili faili mahali pake, nikazima, nikawasha.
wlan0. Sifuri, lakini ipo.
Nikaandika nywila ya bahasha, ikakubali.
Bi Nyanjura akauliza kama sasa daftari alitupe.
Hakungoja jibu; alikuwa anapima gunia la Machumu,
kilo hamsini na mbili, kalamu sikioni.

Nikamwandikia Nyasatu: imeamka.
Kisha nikatia kwenye flashi yake kurasa nilizokwisha kuzichapa,
akae nazo huko, mvua zikirudi.
Nikapachua. Nikangoja.
Taa ikapepesa, ikapepesa tena, ikatulia.
Nikangoja tena kidogo, hata pasipo haja.

Meli ya kesho inaondoka saa mbili.
Soksi nimeifua.